Challenger 1986: Onyo lililotolewa usiku wa kuamkia msiba

Muulize Mmarekani yeyote aliyekuwa mwanafunzi mwaka 1986 alikuwa wapi Jumanne ya Januari 28. Atakutajia darasa, jina la mwalimu na kona ambayo televisheni iliwekwa. Siku hiyo Shirika la Anga za Juu la Marekani, NASA, lilikuwa limepanga matangazo ya setilaiti yafike shuleni moja kwa moja, kwa sababu miongoni mwa watu saba waliopanda chombo cha Challenger alikuwamo mwalimu wa sekondari.

Christa McAuliffe alikuwa na umri wa miaka 37, akifundisha masomo ya jamii katika shule ya Concord High, New Hampshire. Walimu zaidi ya 11,000 waliomba nafasi ile. Yeye alichaguliwa Julai 1985, na aliyemtangaza ni Makamu wa Rais George Bush. Alitakiwa afundishe vipindi viwili akiwa angani. Watoto hawakumwona kama rubani wala mwanasayansi. Walimwona mwalimu kama wa kwao, anayekwenda safari na atakayerudi na hadithi. Kule Concord wanafunzi wake walijazana ukumbini na kofia za sherehe na vipenga mikononi. Huko Florida, chombo kilikorushiwa, wazazi wake walikuwa jukwaani, wamejifunika makoti, wakitazama juu.

Saa 5:38 asubuhi Challenger ikaruka. Sekunde 73 baadaye, ikiwa kimo cha kilomita 14 hivi, likatokea wingu kubwa jeupe, na ndani yake zikachomoka njia mbili za moshi, kila moja ikashika upande wake. Baadhi ya watu jukwaani walipiga makofi. Walidhani ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Wale wengine sita waliokuwa chomboni pamoja na McAuliffe walikuwa kamanda Dick Scobee, rubani Michael Smith, Judith Resnik, Ellison Onizuka wa Hawaii, Gregory Jarvis na Ronald McNair. Huyu McNair alikuwa Mmarekani Mweusi wa pili kufika angani. Mwaka 1959, akiwa mtoto wa miaka tisa katika mji wa Lake City, South Carolina, alikataliwa kuazima vitabu kwenye maktaba ya mji kwa ajili ya rangi yake, na polisi wakaitwa. Jengo lile lile leo lina jina lake.

Jioni ya siku ile Rais Ronald Reagan alitakiwa kulihutubia Bunge kuhusu hali ya taifa. Aliahirisha, akakaa mezani kwake Ikulu na kulipa taifa pole kwa dakika chache, huku akitenga maneno mahususi kwa watoto wa shule. Nchi ililia pamoja. Lakini mimi naamini kilichowabakia Wamarekani kwa miaka yote hii si wingu lile. Ni habari zilizoanza kutoka wiki zilizofuata, kwamba kuna watu waliojua, na walisema, na walisema mapema.

Ili kuelewa walichojua, tuanze na kipande cha mpira.

Challenger ilipaa ikisukumwa na roketi mbili nyeupe za pembeni, zilizotengenezwa Utah na kampuni ya Morton Thiokol. Zilikuwa ndefu mno kusafirishwa nzima, kwa hiyo zilipakiwa vipande vipande kwenye treni hadi Florida, zikaungwa huko. Kila kiungio kilizibwa kwa pete mbili za mpira, zile ambazo mafundi huziita oringi. Aliyewahi kubadilisha oringi ya bomba anaijua kazi yake: mpira unabanwa, unajaza upenyo, kisichotakiwa kutoka hakitoki. Pete hizi zilizunguka roketi yenye kipenyo cha mita 3.7, na unene wake ulikuwa milimita saba hivi. Roketi ikiwaka, msukumo wa gesi hukipanua kiungio kidogo, na mpira unatakiwa utanuke papo hapo kuziba mwanya. Ukichelewa, moto unapita. Na mpira ukipata baridi hukakamaa, hautanuki kwa wepesi.

Dalili za oringi kuliwa na moto zilionekana tangu safari ya pili ya vyombo vya aina ya Challenger, mwaka 1981. Januari 1985, baada ya chombo kingine kurushwa wakati kiungio kikiwa na nyuzi joto 12 tu, wahandisi walifungua roketi iliyorudi wakakuta masizi meusi yamepenya pete ya kwanza. Julai 31 mwaka huo mhandisi Roger Boisjoly aliwaandikia wakubwa zake wa Thiokol kwamba tatizo hili lisiposhughulikiwa, litazaa maafa makubwa na watu watakufa. Aliyaandika waziwazi, miezi sita kabla.

Halafu ikaja Januari 27, 1986. Safari ilishaahirishwa mara kadhaa. Asubuhi hiyo hiyo ilikwama tena, kwanza kwa sababu bolti ya kishikio cha mlango iligoma kutoka, kisha kwa sababu ya upepo. Utabiri wa usiku ukasema Florida itapata baridi ya chini ya sifuri. Watu wa Thiokol kule Utah walipoisikia, waliitisha kikao cha simu na NASA. Kilianza saa 2:45 usiku kwa saa za Florida.

Wahandisi walikuja na chati zao na pendekezo moja: msirushe ikiwa joto ni chini ya nyuzi 12. Upande wa NASA ulipokea vibaya. Lawrence Mulloy, aliyesimamia mradi wa roketi hizo, aliuliza kama wanataka asubiri hadi Aprili ndipo arushe. Mwenzake, George Hardy, alisema pendekezo lile limemshtua, ingawa aliongeza kwamba hatapinga kauli ya kampuni. Thiokol wakaomba dakika tano za kuteta peke yao. Zikawa nusu saa.

Katika nusu saa hiyo ndimo mambo yalimoharibika. Mabosi wanne walikaa mezani. Boisjoly na mwenzake Arnold Thompson walisimama mbele yao, mmoja akichora kiungio kwenye karatasi, mwingine akiwaonyesha picha za masizi meusi. Walipoona hawasikilizwi, wakanyamaza wakarudi kwenye viti vyao. Ndipo bosi mkubwa, Jerald Mason, akamgeukia Robert Lund, mkuu wa uhandisi, aliyekuwa bado anasita, akamwambia avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja. Lund akakubali. Mabosi wanne wakaamua. Hakuna mhandisi aliyeulizwa kura yake.

Kwa desturi, anayetaka kurusha ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kuwa ni salama. Usiku ule mzigo uligeuzwa: wahandisi wakatakiwa wathibitishe kuwa roketi itaharibika. Nani angeweza kuthibitisha hilo? Hakuna chombo kilichowahi kurushwa katika baridi kama ile. Hawakuwa na namba za baridi kama hiyo; walikuwa na picha za masizi na ujuzi wao, na hivyo vikaonekana havitoshi.

Mwakilishi wa Thiokol aliyekuwa Florida, Allan McDonald, alikataa kuweka sahihi ya kuridhia chombo kirushwe. Ikabidi karatasi isainiwe Utah na kutumwa kwa faksi. Na wakubwa wa NASA waliokuwa na kauli ya mwisho ya kurusha hawakuelezwa kabisa kwamba kumekuwa na mabishano.

Asubuhi kwenye mnara wa kurushia vilikuwa vimening'inia vijiti vya barafu. Kule Utah wafanyakazi walikusanyika chumbani kutazama. Boisjoly hakutaka kuingia. Mwenzake, Bob Ebeling, ndiye aliyemshawishi. Alikaa sakafuni, mbele ya kiti cha Ebeling. Walihofu roketi italipuka pale pale chini. Ilipopaa salama wakashusha pumzi. Sekunde 60 zilipopita Ebeling akamnong'oneza kwamba amemaliza kusali sala ya shukrani. Zilikuwa zimebaki sekunde 13.

Picha zilipokuzwa baadaye zilionyesha moshi mweusi ukifuka kwenye kiungio cha roketi ya kulia kabla hata sekunde moja haijatimia tangu iwake. Kukatulia kwa muda. Ilipokaribia sekunde ya 59 ulimi wa moto ukachomoza hapo hapo, ukalenga tangi kubwa la haidrojeni na oksijeni.

Reagan aliunda tume chini ya William Rogers, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Ndani yake walikuwamo Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, Sally Ride, mwanamke wa kwanza wa Marekani kufika angani, na mwanafizikia Richard Feynman, mshindi wa Tuzo ya Nobel, ambaye tayari alikuwa mgonjwa wa saratani. Februari 11, mbele ya kamera, Feynman alichukua kipande cha mpira ule ule, akakibana kwa jiriwa ndogo aliyokuwa ameinunua asubuhi ile kwenye duka la vifaa vya ufundi, akakitumbukiza kwenye glasi ya maji ya barafu iliyokuwa mezani. Alipokitoa na kukifungua, mpira haukurudi katika umbo lake. Ukabaki umebonyea, kwa sekunde kadhaa. Wahandisi walishindwa kuwaeleza mabosi jambo hili kwa usiku mzima. Taifa likalielewa kwa glasi moja ya maji. Ride alishaipata mapema karatasi ya NASA yenye vipimo vya mpira katika baridi, akampenyezea mjumbe mwenzake, Jenerali Donald Kutyna, na Kutyna ndiye aliyemdokeza Feynman. Siri hiyo haikutoka hadi Ride alipofariki mwaka 2012.

Katika nyongeza yake kwenye ripoti ya tume, Feynman aliandika jambo linalopaswa kubandikwa katika kila ofisi: mabosi wa NASA walidai uwezekano wa chombo kupotea ni mara 1 katika safari 100,000, huku wahandisi wakisema ni karibu mara 1 katika 100. Safari ile ya Challenger ilikuwa ya 25 ya vyombo hivyo.

Jambo zito zaidi lilikuja mwezi Julai. Challenger haikulipuka kama wengi walivyodhani. Ilichanwa na nguvu za hewa baada ya tangi kupasuka. Chumba cha wanaanga kilitoka kizima au karibu kizima, kikaendelea kupanda, kisha kikaanguka kwa zaidi ya dakika mbili hadi baharini. Kati ya mitungi minne ya hewa ya dharura iliyopatikana, mitatu ilikuwa imefunguliwa. Mtu alinyoosha mkono akaifungua.

Hata kumbukumbu zile za darasani si zote za kuaminika. Asubuhi iliyofuata msiba, mwanasaikolojia Ulric Neisser aliwapa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Emory karatasi waandike waliisikiaje habari ile. Alipowauliza tena wengine wao, 44, chini ya miaka mitatu baadaye, robo yao walikosea kila kitu, na bado walikuwa na uhakika. Wengine walionyeshwa mwandiko wao wenyewe wakakataa kuuamini. Uchungu uliwakaa hata pale kumbukumbu ilipowapotea.

Safari za vyombo vya aina ya Challenger zilisimamishwa hadi Septemba 29, 1988. Viungio vilisanifiwa upya, na aliyeongoza kazi hiyo ni McDonald, yule aliyekataa kusaini. Kampuni ilikuwa imemshusha cheo, Bunge likaingilia. Februari 1, 2003, chombo kingine, Columbia, kikasambaratika na watu wengine saba, na uchunguzi ukakuta tena tatizo lililojulikana, likazoeleka, likaachwa.

Bob Ebeling hakurudi kuwa yule wa zamani. Jioni ile ya kikao cha simu alimwambia mkewe kwamba chombo kitalipuka. Aliacha uhandisi muda mfupi baada ya msiba, na kwa miaka 30 alijilaumu kwamba hakubishana vya kutosha, hata akasema Mungu alikosea kumchagua yeye kwa kazi ile. Mwanzoni mwa 2016 aliyasema hayo redioni. Mamia ya wasikilizaji wakamwandikia. Lund na Hardy, watu wa upande wa pili wa meza na wa simu usiku ule, nao walimwambia kwamba alitimiza wajibu wake. Alikiri kuwa moyo umepata nafuu. Alifariki Machi 21 mwaka huo huo, akiwa na miaka 89.