Mlimbwende wa Ukambani: Mchoro na Jina la Ushanga

Mtu atakaye kujua mwanamke mtanashati wa Paris alivaaje katikati ya karne ya kumi na tisa hana taabu. Majarida ya mitindo ya zama hizo yalijaa michoro iliyotiwa rangi kwa mkono, na wachoraji mashuhuri hawakuona haya kushughulika na gauni kama walivyoshughulika na uso. Ingres alianza picha ya Bibi Moitessier mwaka 1844 na kuikamilisha 1856. Vazi lenyewe lilibadilishwa kabla kazi haijakwisha. Pwani yetu nayo haikukosa kabisa. Nahodha Mfaransa Charles Guillain, aliyeizuru kati ya 1846 na 1848, alichapisha pamoja na vitabu vyake albamu ya picha, na wanawake wa pwani wamo.

Ukitoka Mombasa ukapanda bara hadi Kitui, au vilima vya Mbooni vilivyomo Makueni ya leo, hali ni nyingine. Mchoraji wa kukaa na mwanamke wa Kikamba akamtazama kama Ingres alivyomtazama mteja wake hakupatikana karne ile. Pengo hili limezoeleka kuzibwa kwa picha za Joy Adamson, ambaye mwaka 1949 alipewa na serikali ya kikoloni kazi ya kuwachora watu wa makabila ya Kenya. Picha hizo ni nzuri, wala sina ugomvi nazo. Lakini ziliazimiwa kuhifadhi mavazi yaliyokuwa yakitoweka, na lililo katika kutoweka limekwisha kuacha kuwa mtindo. Kuiweka picha ya namna hiyo kando ya habari za misafara ya pembe ni kumvika bibi kizee nguo ya arusi yake na kudai kwamba hivyo ndivyo alivyokuwa siku ile.

Shabaha ya makala haya ni kudai kwamba ushahidi bora wa ulimbwende wa Ukambani umo katika maneno ya biashara kuliko katika michoro.

Tuanze na Krapf. Alifika Kitui mwishoni mwa mwaka 1849, akiwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe, na ni huko alikouona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba. Alirudi tena 1851, safari ambayo Kivoi aliuawa. Krapf hakuwa mchoraji. Alikuwa mtu wa msamiati: mwaka 1850 mkusanyiko wake wa maneno ya lugha sita, Kikamba na Kiswahili zikiwamo, ulipigwa chapa Tübingen. Katika maelezo yake ya biashara anataja bidhaa zilizopelekwa bara kubadilishwa kwa pembe na ng'ombe: merikani, kaniki, ushanga wa kioo, shaba, chumvi. Tukiitazama orodha hiyo kwa jicho la mwanahistoria wa mavazi, tunaona kwamba, chumvi ikiondolewa, takriban yote ni vitu vya kuvaliwa. Pembe ya ndovu iliyobebwa mabegani mwa watu hadi bandarini ilirudi kwa sehemu kubwa ikiwa pambo la mkono, la shingo na la mguu.

Sasa mtindo ni kitu kinachobadilika, na hapa ndipo Joseph Thomson anapotufaa bila yeye kukusudia. Thomson alisafiri 1883 na 1884 kupitia Umasaini, na akirudi, mgonjwa, alipita Ulu, nchi ya Wakamba wa magharibi. Katika kitabu chake cha 1885 analalamika kwamba kila kabila lilitaka aina yake ya nguo, na ushanga wa rangi na ukubwa wake maalumu. Tena mapenzi hayo hayakudumu, yaligeuka kama yanavyogeuka Ulaya. Malalamiko hayo ya mchukua mizigo (kwani ndivyo alivyokuwa siku nyingi za safari) yana uzito kuliko michoro ya vitabu vya wasafiri wa wakati wake. Mchoro wa namna hiyo kwa kawaida ulichongwa mbaoni Ulaya na fundi ambaye hakumwona aliyechorwa. Ukachapwa kwa wino mweusi, rangi ya ushanga ikapotea. Na chini yake hapakuandikwa jina la mwanamke bali la kabila. Mchoro unamgandisha. Lalamiko la mfanyabiashara linamwonyesha akikataa.

Naam, kukataa ndiko kulikowatia hasara wenye misafara. Kwenye njia ya Unyamwezi, ambayo si ya Ukambani lakini ilitoka katika soko lile lile la Unguja, Burton aliandika mwaka 1860 kwamba aina za ushanga zilikuwa kama 400. Ule mwekundu, samesame, ulikuwa na lakabu ambayo kwa tahajia ya leo tungeiandika kivunja-mji, kwa vile wanawake waliupenda kupita kiasi. Jina hilo ni picha kamili: rangi imo, mwanamke anayechagua yumo, na mume anayenung'unika yumo pia. Ila tusisahau kwamba aliyelitunga yaelekea alikuwa muuzaji au mlipaji, si mvaaji.

Majina ya wavaaji wenyewe yatafutwe katika Kikamba. Hildebrandt, mtaalamu wa mimea aliyefika Kitui 1877, alichapisha Berlin mwaka uliofuata maelezo juu ya Wakamba. Lindblom, Mswidi, alifanya utafiti wake 1911 na 1912, reli ikiwa imekwisha kupita Kibwezi na Makindu zaidi ya miaka kumi. Lindblom anafaa kusomwa kwa uangalifu juu ya mikufu myembamba iliyofuliwa na wahunzi wa Kikamba, kazi ambayo haikuletwa na msafara wowote. Anafaa pia kwa jambo ambalo kichwa cha makala haya kimelificha: vijana wa kiume, anake, nao walijipamba kwa shaba na ushanga, na pengine dada zao hawakuwashinda.