Barua ya Maombi ya Kazi Tanzania: Kutoka Enzi ya Makarani hadi Maombi ya Mtandaoni

Barua ya maombi ya kazi humtambulisha mwombaji kwa mwajiri asiyemjua. Nchini Tanzania, barua ya namna hii ni changa kuliko uandishi wa barua wenyewe. Waswahili wa pwani waliandikiana kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya ukoloni; barua za Kilwa za mwaka 1711 zimehifadhiwa hadi leo huko Goa, India. Kwa kawaida barua za pwani zilianza kwa dua na sifa za mwandikiwa, zikapitia salamu na habari za afya, kisha likaja neno "wabaadu", na baada yake ndipo haja yenyewe ikatajwa. Wengi wa walioandikiana hivyo walikuwa ndugu, wakubwa wa miji au washirika wa biashara. Kazi ilipatikana kwa njia nyingine. Katika karne ya 19, mpagazi wa misafara aliajiriwa kupitia mnyapara au wakala, kama Sewa Haji wa Bagamoyo aliyewapatia wasafiri watu wa kubeba mizigo. Mtu alidhaminiwa na mtu.

Hali ilianza kubadilika serikali ya Kijerumani ilipohitaji watu wa kushika kalamu. Shule ya serikali ya Tanga, iliyoanzishwa mwaka 1892, ilifundisha kusoma na kuandika kwa herufi za Kilatini na kutoa makarani, walimu na watoza kodi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliendeleza mfumo huo wa ofisi, na ukarani ukawa kazi ya heshima yenye mshahara wa mwezi. Mwaka 1922, Martin Kayamba na wenzake waliunda chama cha watumishi Waafrika wa serikali mjini Tanga, ishara kwamba tabaka la watu wa ofisini lilikuwa limekwishajitambua.

Kwa mtu aliyeomba ukarani, barua ilikuwa mtihani wa kwanza. Mwajiri aliangalia mwandiko, tahajia, nafasi za pembeni na Kiingereza cha mwombaji kabla ya kutazama vyeti. Mpangilio ukawa mmoja: anwani ya mwandishi juu kulia, tarehe chini yake, anwani ya mwandikiwa kushoto, kichwa cha habari kilichopigiwa mstari, kisha maelezo na sahihi. Desturi ya ofisi za Kiingereza ya mwandishi kujitaja kuwa mtumishi mtiifu wa mwandikiwa iliacha alama katika "Wako mtiifu", inayofunga barua rasmi za Kiswahili mpaka sasa.

Wafanyakazi wengi wa enzi hiyo hawakuandika barua yoyote. Manamba wa mashamba ya mkonge waliandikishwa na mawakala huko kwao na kujulikana kwa namba. Wapishi na maboi walitunza barua za sifa kutoka kwa mabwana waliowahi kuwatumikia. Asiyejua kusoma hakuweza kuhakiki alichoandikiwa, kwa hiyo aliweza kubeba maneno ya kumharibia bila kujua. Mijini, waandishi wa kukodiwa waliweka meza na taipureta karibu na posta. Mteja alisimulia elimu yake na kazi alizofanya, mwandishi akaziweka katika lugha ya ofisi, na sahihi au alama ya kidole gumba ikamaliza kazi.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961, serikali ilihitaji haraka Waafrika wa kujaza nafasi za utumishi. Azimio la Arusha la 1967 lilipanua mashirika ya umma, na "Ndugu" ikachukua nafasi ya "Bwana" katika barua nyingi. Baadhi ya waandishi walimaliza kwa "Wako katika ujenzi wa Taifa". Wahitimu wa vyuo walipangiwa kazi na serikali, hivyo kwao barua haikuamua mengi. Mambo yalibadilika wafanyakazi walipopunguzwa na mashirika kubinafsishwa katika miaka ya 1990. Wahitimu walianza kushindania nafasi zilizotangazwa magazetini, na kazi ya mwandishi wa taipureta ikahamia kwenye steshenari zenye kompyuta.

Kompyuta ilileta tatizo jipya. Barua moja iliyohifadhiwa iliweza kutumiwa na watu wengi kwa kubadilisha jina na anwani tu, na zote zikaanza kwa "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Unadhifu, uliomtofautisha karani wa zamani, haukutosha tena. Barua inayofaa ikawa ile inayotaja nafasi na tangazo lake, inayochagua sifa mbili tatu zinazotakiwa na kueleza mwombaji alizionyesha wapi. Mwombaji wa uhasibu anayesema kwamba alifunga hesabu za saccos kwa miaka miwili humpa msomaji jambo la kuulizia kwenye usaili. Anayejiita mchapakazi na mwaminifu hampi lolote. Mengine huachiwa wasifu, ili barua isizidi ukurasa mmoja.

Katika utumishi wa umma, maombi mengi sasa hupitia Sekretarieti ya Ajira, iliyoundwa chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 kama ilivyorekebishwa mwaka 2007. Mwombaji hujaza taarifa zake kwenye mfumo wa mtandaoni na kupakia vyeti. Hata hivyo, matangazo ya Sekretarieti hudai barua iliyosainiwa, kwa Kiswahili au Kiingereza, ikielekezwa kwa Katibu wake. Sifa za elimu zimeingia katika fomu, ambako zinaweza kuhakikiwa kwa vyeti. Kwenye barua imebaki kazi ambayo fomu haina nafasi yake: kueleza uhusiano kati ya aliyoyafanya mwombaji na kazi iliyotangazwa.