Nimbus

Nimbus (wingi: nimbi) ni neno la Kilatini lenye maana ya wingu zito la mvua au mvua ya ghafla yenye upepo, pia ni mng'ao unaozunguka kichwa cha mungu au mtakatifu.

Maana hii ya pili ilitokana na ya kwanza. Katika masimulizi ya Warumi, miungu ilishuka duniani ikiwa imezungukwa na wingu, na wingu hilo liling'aa kwa utukufu wa aliyemo. Servius, aliyefafanua mashairi ya Virgil, aliandika kuwa nimbus ni mwanga unaozunguka vichwa vya miungu. Wakristo waliuingiza mng'ao huo katika sanaa yao tangu karne ya 4, na hadi leo ndio duara la dhahabu tunaloliona kwenye picha za Bikira Maria. Duara linaloonekana kuuzunguka mwezi ni jambo jingine: hilo hutokana na chembe za barafu katika mawingu membamba ya juu sana.

Mwaka 1803 Luke Howard, mfamasia wa London, alichapisha majina ya Kilatini ya mawingu, na nimbus akalipa wingu linalonyesha. Siku hizi neno hilo limebaki ndani ya majina mawili: nimbostratusi, wingu tandavu la mvua ya muda mrefu, na kumulonimbusi, wingu la radi.

Hili la pili ndilo linalowahusu zaidi watu wa Mkolani, Nyegezi na mwambao wote wa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani, na mawingu hujikusanya juu ya vilima. Usiku mambo hugeuka. Upepo hutoka nchi kavu kila upande na kukutana juu ya ziwa, ambalo bado lina uvuguvugu. Hewa yenye unyevu hupanda, na kumulonimbusi huinuka juu ya maji, hasa kuelekea alfajiri. Saa hizohizo wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao, kwa kuwa dagaa huvuliwa usiku wa giza. Pasipo mbalamwezi, wingu halionekani mpaka radi ilimulike, na hapo upepo mkali unaoshuka kutoka ndani yake huwa umekwisha kuinua mawimbi. Makadirio yanayonukuliwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani ni kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa kila mwaka katika ziwa hili.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kwa watumiaji wa ziwa, ikisaidiwa na rada yake ya Mwanza. Utabiri huo usikilizwe kabla mtumbwi haujasukumwa jioni, na kila aliyemo avae jaketi la kujiokolea.