Biashara Haigombi: Mwenye Duka na Kiti cha Baraza la Mji

Waswahili husema kwamba biashara haigombi. Mwenye duka hununiwa asinune na hutukanwa akacheka, kwa kuwa mteja aliyekasirika leo ndiye atakayerudi kesho na fedha mkononi. Siasa ina desturi nyingine. Ndani yake watu hushindana hadharani, na anayekitaka kiti huitwa mgombea. Kwa hiyo mwenye duka anapojitokeza kuwania kiti katika baraza la mji wake, huvuka mpaka ambao wazee wake walimfundisha asiukaribie.

Makala hii inaeleza jinsi wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi walivyouvuka mpaka huo katika miji ya Kenya na Tanzania kwa muda wa takriban karne moja. Swali moja litatuongoza: mgombea alipotoka kwenda kuomba kura, aliruhusiwa kuiomba kwa nani? Jibu la swali hilo, kuliko utajiri wa mgombea au ufasaha wake, ndilo lililoamua iwapo mwenye duka angekuwa msemaji wa jamaa zake tu au mtumishi wa mji mzima.

Kwa nini baraza?

Kwa mfanyabiashara, serikali kuu ilikuwa mbali. Baraza la mji lilikuwa mlangoni. Leseni ya duka, kodi ya jengo, ukaguzi wa bwana afya, mtaro wa maji machafu, taa ya barabarani na kibanda cha soko vilikuwa mambo ya mji. Vivyo hivyo kiwanja cha shule, cha hekalu au cha msikiti, na hata mahali pa kuchomea au kuzikia maiti. Asiyekuwa na mtu katika baraza alilipa kodi kama wengine, kisha akasubiri barazani na barua ya maombi mkononi.

Aidha, mpangilio wenyewe wa miji uliwagawa watu. Lugha yetu imehifadhi kumbukumbu hiyo katika majina: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Dodoma na Mbeya hadi leo zina mahali paitwapo Uhindini. Majina hayo hayakuzuka kwa bahati. Wakoloni waliweka viwango vya ujenzi na vya huduma vilivyotofautiana kutoka eneo hadi eneo, na aliyekaa upande usio na mtaro mzuri alijua kwamba uamuzi ulifanywa na watu ambao hakuwachagua.

Jeevanjee na mji mchanga wa Nairobi

Tuanze na Nairobi, wakati ilipokuwa bado mji mdogo wa mabati kando ya reli. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899. Takriban wafanyakazi 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na kati yao karibu 2,500 walifariki kazini. Wengi wa waliobaki hai walirudi makwao. Wapatao 6,700 ndio waliokaa. Pamoja nao walikuwapo wafanyabiashara waliokuja kwa nauli yao wenyewe.

Mmoja wa hao alikuwa Alibhai Mulla Jeevanjee, Mbohora aliyezaliwa Karachi mwaka 1856 na kufika Mombasa mwaka 1890. Alipata mikataba ya kuleta wafanyakazi na vyakula vya reli, akaanzisha gazeti la African Standard, na akajenga soko la Nairobi. Mwaka 1906 aliutolea mji bustani ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1910 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, akiwa mtu wa kwanza asiye Mzungu kukaa humo.

Hata hivyo, kiti chake kilikuwa cha kuteuliwa. Gavana alimwita, naye akaitika. Hakuna mtu aliyempigia kura. Alikuwa sauti moja katika chumba cha Wazungu, na nje ya chumba kile mambo yaliendelea kama kawaida. Mwaka 1902, ulipozuka ugonjwa wa tauni, bazaa ya Wahindi ya Nairobi ilikuwa imeteketezwa kwa amri ya ofisa wa afya. Mwaka 1913 alikuja mtaalamu wa afya, Profesa W. J. Simpson, na ripoti yake ikapendekeza kwamba makazi na biashara za mijini zitenganishwe kwa rangi. Mwenye soko na bustani hakuwa na njia ya kwenda kwa wakazi wa mji na kuwauliza, "Je, mnakubali?" Hapo ndipo ulipoonekana upungufu wa heshima inayotolewa kutoka juu: aliyeitoa anaweza kuipuuza.

Orodha ya pamoja na orodha za kutengana

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walowezi wa Kizungu nchini Kenya walipewa haki ya kuchagua wajumbe wao, ilhali Wahindi, waliokuwa zaidi ya mara mbili ya idadi yao, hawakupewa. Madai ya Wahindi yalikuwa mepesi kuyaeleza: pawe na orodha moja ya wapiga kura, ili kila anayetimiza masharti apige kura pamoja na wengine, na mgombea amwombe kura yeyote aliyemo.

Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923 ulikataa. Ulitoa viti 11 kwa Wazungu na 5 kwa Wahindi, kila jamii ikichagua peke yake katika orodha yake. Waraka huo uliachana na mpango wa kutenga makazi ya mijini kwa sheria, lakini Nyanda za Juu zikabaki za Wazungu. Ulitangaza pia kwamba maslahi ya Waafrika yangetangulia, ingawa Mwafrika mwenyewe hakupewa kura wala kiti. Wahindi wengi waliususia uchaguzi wa namna hiyo, na baadhi yao wakagoma kulipa kodi. Mgomo huo ulilegea miaka ilivyopita, na kufikia katikati ya miaka ya 1930 viti vya orodha ya kutengana vilikuwa vimekubaliwa.

Madhara yake yalikuwa makubwa kuliko hesabu ya viti. Mwenye duka aliyegombea katika orodha ya jamii yake aliwahutubia watu wa jamii yake peke yao. Hakuwa na sababu ya kumweleza Mwafrika aliyenunua chumvi na mafuta ya taa kwake kila siku kwamba angemfanyia nini mjini. Yaliyoshindaniwa yakawa ya ndani: Mhindu na Mwislamu, Mgujarati na Mpunjabi, chama hiki na kile.

Uadilifu unatutaka tuseme zaidi. Viongozi wengi wa Kihindi wa zama zile walipigania usawa na Mzungu, si usawa wa watu wote. Baadhi ya sheria za ukoloni, kama zile za Tanganyika zilizozuia Waafrika kukopeshwa, zilimlinda mwenye duka Mhindi dhidi ya mshindani Mwafrika, na wachache walizilalamikia. Walikuwapo waliotenda vingine. Manilal Ambalal Desai, mhariri wa East African Chronicle mjini Nairobi, alimsaidia Harry Thuku mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakati ambapo kufanya hivyo kulikuwa na hatari. Lakini Desai hakuwa na duka la kupoteza.

Kura tatu

Tanganyika ilifika kwenye swali lile lile kwa njia nyingine. Mwaka 1955 serikali ya Gavana Twining iligawa viti vya wajumbe wasio wa serikali sawasawa: Waafrika 10, Waasia 10 na Wazungu 10, ingawa Waafrika walikuwa karibu watu wote wa nchi. Uchaguzi wa kwanza ulipopangwa, sheria ilimtaka kila mpiga kura apige kura tatu katika karatasi moja, yaani amchague mgombea mmoja wa kila jamii. Karatasi yenye alama pungufu haikuhesabiwa.

Wanachama wengi wa TANU waliiona sheria hiyo kuwa dharau na walitaka kuususia uchaguzi. Katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958, Julius Nyerere aliwashawishi washiriki. Uamuzi huo ukaitwa Uamuzi wa Busara, na Zuberi Mtemvu akakihama chama kwa kuupinga. TANU ikatafuta Waasia na Wazungu wa kuungwa mkono, na katika awamu mbili za uchaguzi, Septemba 1958 na Februari 1959, wagombea wake walishinda.

Tutazame jambo hili kwa jicho la mwenye duka. Sheria iliyotungwa ili kuzigawa jamii ilimlazimisha mgombea Mwasia kuomba kura ya Mwafrika. Orodha ya jamii yake pekee isingemfikisha popote. Amir Jamal, aliyezaliwa Mwanza mwaka 1922 katika familia ya wafanyabiashara na kusoma Calcutta, alichaguliwa mwaka 1958. Baada ya uhuru alikuwa mbunge wa Morogoro na Waziri wa Fedha kwa muda mrefu. Sophia Mustafa alichaguliwa kutoka Jimbo la Kaskazini na akausimulia uchaguzi huo katika kitabu chake The Tanganyika Way. Hawa hawakuingia kama wajumbe wa Uhindini. Walikuwa wameombewa kura na wanachama wa TANU mitaani na vijijini.

Upepo huo ulifika katika miji pia. Mwaka 1960 Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi mashuhuri wa Kiswahili, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam. Mwaka 1962 Charles Rubia alipata heshima hiyo Nairobi, na mwaka 1965 Grace Onyango akawa meya wa Kisumu. Tangu hapo, mfanyabiashara Mwasia aliyetaka udiwani alijua kwamba mlango ni mmoja na foleni ni moja.

Mlango unafungwa, mlango unafunguliwa

Nchini Tanzania mlango huo ulifungwa kwa sababu nyingine. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika makampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha, asipokee mishahara miwili. Madiwani nao walihesabiwa miongoni mwa viongozi. Mwenye duka kubwa alipaswa kuchagua kati ya kaunta na kiti. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Familia nyingi zilizojenga ghorofa kwa akiba ya vizazi viwili ziliondoka nchini. Kuanzia mwaka 1972 mabaraza yenyewe yalivunjwa chini ya mpango wa Madaraka Mikoani.

Miji iliumia. Mitaro iliziba, taka zikalundikana na kipindupindu kikazuka. Mabaraza ya miji yalirudishwa mwaka 1978, na sheria mpya za serikali za mitaa zikatungwa mwaka 1982. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lililegeza miiko, na mwaka uliofuata mfumo wa vyama vingi ukarudi. Mwenye duka akaruhusiwa tena kuwa mgombea.

Waliojitokeza tangu hapo wamelijibu swali letu kwa vitendo. Mohammed Dewji, mzaliwa wa Singida, alichaguliwa mbunge wa Singida Mjini mwaka 2005 na tena mwaka 2010. Jitu Soni alichaguliwa Babati Vijijini mwaka 2010. Nchini Kenya, Shakeel Shabbir alikuwa meya wa Kisumu kabla ya kuwa mbunge mwaka 2007. Miezi michache baada ya uchaguzi ule uliozua ghasia, maduka mengi ya Kisumu, yakiwamo ya Waasia, yalikuwa magofu. Mwaka 2017 Shabbir aligombea tena, safari hii bila chama, katika mji uliokuwa ngome ya chama kimoja, akashinda. Hakuna kati ya majimbo hayo ambamo kura za Waasia peke yake zingetosha kumchagua mtu.

Mizani ya mwenye duka

Ipo hoja dhidi ya mfanyabiashara anayegombea, nayo ni ya haki. Baraza hununua saruji, hutoa zabuni na kupanga kodi. Diwani mwenye duka anaweza kukaa pande mbili za kaunta moja. Miiko ya mwaka 1967 ilitaka kuiponya hatari hiyo kwa kumtoa mfanyabiashara kabisa. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 imechagua njia ya kumtaka aitangaze mali yake. Njia hii ya pili inafaa tu pale tamko linapokuwa la kweli, na pale diwani anaponyanyuka na kutoka mkutanoni wakati jambo lake linapojadiliwa.

Mwenye duka mwema hapaswi kuiona taratibu hiyo kuwa ngeni. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya mji ni mali ya watu wengi zaidi. Aliyezoea kufunga hesabu kila jioni, kujua bei halisi ya mfuko wa saruji na kumsikiliza mteja asiyekuwa na fedha ya kutosha, analo jambo la kuupa mji. Lakini ujuzi huo hauwi utumishi mpaka aende Uswahilini, na Uzunguni, na kila mtaa uliopewa jina la watu wengine, akaombe kura kwa sauti yake mwenyewe na akubali kuulizwa.

Bustani ya Jeevanjee imekwisha kunyemelewa na wajenzi zaidi ya mara moja, na kila mara wakazi wa Nairobi wameitetea. Wengi wao hawajui aliyeitoa alikuwa mtu wa dini gani au alitoka bandari gani. Wanaitetea kwa kuwa ni yao. Vijana wetu wanaofikiria udiwani katika miji tuliyozaliwa nayo waanze na ufahamu huo, kisha waende kuchukua fomu.