Sevilla: Mji ambako watumwa walijitengenezea nafasi kwenye sikukuu

Mara hii tunakwenda mbali kidogo, Sevilla, kusini mwa Hispania. Watalii wanamiminika huko kila mwaka kula vizuri na kutazama sikukuu. Sisi pasi ya kusafiria hatuna, na wengi wetu hata kutoka nje ya kambi ni lazima tuombe karatasi. Lakini kusoma historia hakuombi kibali. Na ndani ya sikukuu ya mji huo kuna habari ya watu weusi ambayo tunaona inatugusa sana.

Tuanze na mji wenyewe. Sevilla ilitawaliwa na Waislamu zaidi ya miaka 500. Mwaka 1248 mfalme Fernando III aliuteka, na wakazi Waislamu wakaamriwa wahame. Wengi walikimbilia Granada, wengine wakavuka bahari kwenda Afrika Kaskazini. Kwa lugha ya leo tungesema walikuwa wakimbizi. Msikiti mkuu ulifanywa kanisa, baadaye ukabomolewa na pale pale likajengwa kanisa kuu kubwa sana. Mnara wake ulibaki, unaitwa Giralda, na ndio picha ya mji hadi leo.

Maneno nayo yalibaki. Sisi tunasema sukari, wao wanasema azúcar. Zafarani kwao ni azafrán, zeituni ni aceituna. Hata hili neno letu "hata", wao wanalo: hasta, maana yake mpaka. Sisi tumeyapata kwa Waarabu upande wa pwani yetu, wao wameyapata kwa Waarabu upande wao. Watu walifukuzwa, lakini jikoni na mdomoni hawakutoka.

Sasa chakula. Ukifika Sevilla wakati wa Kwaresima utapewa espinacas con garbanzos, yaani mboga ya spinachi iliyopikwa na dengu, kitunguu saumu, bizari nyembamba na mkate wa kukaanga uliosagwa ili mchuzi uwe mzito. Nyama haimo, juu ni siku za kufunga. Halafu kuna torrijas: mkate uliolala, wenye umekauka, unalowekwa kwenye maziwa au divai, unapitishwa kwenye yai, unakaangwa, kisha unamwagiwa asali au sukari. Watalii wanaulipia kama kitu cha anasa, lakini asili yake ni akili ya mama asiyetaka kutupa mkate. Mama zetu wanaogeuza mbaazi zile zile za mgao zikawa chakula kipya kila wiki wataelewa mara moja.

Lakini nani alikuwa anapika ndani ya nyumba za matajiri wa Sevilla? Hapa ndipo tunafika kwenye habari yenyewe.

Waafrika walifikishwa Sevilla kama watumwa, kwanza kupitia njia za jangwani, kisha kuanzia karne ya 15 kwa meli za Wareno kutoka Afrika Magharibi, na baadaye hata kutoka Kongo na Angola. Hesabu iliyofanywa mwaka 1565 ilionyesha watu 85,538 mjini, na kati yao 6,327 walikuwa watumwa. Ni kama mtu mmoja kwa kila watu 14. Si wote walikuwa weusi, lakini weusi walikuwa wengi. Mchoraji Velázquez, aliyezaliwa Sevilla mwaka 1599, alipokuwa bado kijana alichora mwanamke mweusi jikoni, na mbele yake kinu, kitunguu saumu, bakuli na jagi. Picha hiyo iko Dublin, Ayalandi. Mwaka 1933 ilipokuwa inasafishwa, nyuma ya yule mama likaonekana dirisha lililokuwa limefunikwa kwa rangi, na ndani ya dirisha Yesu yuko mezani kule Emau. Maana yake chakula kitakatifu kinaliwa chumba cha pili, na mpishi yuko huku na vyombo vyake.

Waafrika hao hawakukaa jikoni tu. Mwishoni mwa karne ya 14, askofu mkuu Gonzalo de Mena alianzisha hospitali ya weusi maskini, na hapo kikazaliwa chama chao cha udugu cha kanisa. Walisaidiana kwenye ugonjwa, walizikana, na walikuwa na sikukuu yao. Watu wa mji wanakiita Los Negritos, "weusi wadogo". Kwa masikio yetu jina hilo lina dharau, lakini ndilo linalojulikana.

Mwaka 1475 malkia Isabel na mume wake Fernando walimteua mtu mweusi, Juan de Valladolid, awe msimamizi na hakimu wa weusi wa Sevilla. Barua yake ilisema weusi wasifanye sikukuu wala kuamuana kesi zao isipokuwa mbele yake. Si mnamuona mwenyekiti wa bloku hapo? Upande mmoja ni heshima, mmoja wenu anawasimamia. Upande wa pili ni utawala kupata njia rahisi ya kuwashika. Yote mawili yalikuwa kweli kwa pamoja.

Chama hicho kiliandamana kwenye Juma Takatifu kama vyama vya wazungu, na jambo hilo halikuwapendeza wote. Mwaka 1604 waligongana njiani na chama cha watu wakubwa, kesi ikafika mahakama ya kanisa, na kuna waliotaka weusi wazuiliwe kabisa kutoka barabarani. Chama hakikufa. Wanachama wake hadi leo wanasimulia kwamba mwaka 1653 pesa za sikukuu ya Bikira Maria zilikosekana, na ndugu wawili weusi waliokuwa huru wakajiuza utumwani ili sikukuu ifanyike.

Tulipoisoma habari hiyo kikundini tulibishana karibu saa nzima. Wengine walisema ni upuuzi, mtu hauzi uhuru wake kwa ajili ya mishumaa na maua. Wengine wakasema: watu hao walijua kwamba mwaka wasipotokea barabarani, mwaka unaofuata wataambiwa hawana haki ya kutokea. Hatukufikia jibu moja. Tunachokubaliana ni kwamba kwao sikukuu haikuwa mchezo. Ilikuwa siku ambayo mji mzima ulilazimika kuwapisha njia.

Leo chama bado kipo. Kanisa lake dogo liko barabara ya Recaredo, na karibu yake kuna mtaa unaoitwa Conde Negro, "Mkuu Mweusi", kwa kumkumbuka yule Juan. Kinatoka Alhamisi Kuu, kikiwa mmoja wa vyama zaidi ya 60 vinavyoandamana juma hilo. Wanachama wanavaa kofia ndefu zenye ncha zinazofunika uso. Msiogope, ni mavazi ya toba ya tangu zamani, hayahusiani na wale wabaguzi wa Marekani. Wiki mbili hivi baada ya Pasaka inakuja Feria, iliyoanza mwaka 1847 kama soko la mifugo. Huko mahema mengi ni ya familia na marafiki, bila kualikwa huingii. Maandamano ya Juma Takatifu yanapita barabarani, na kila mtu anaona.

Lakini tusidanganyane. Utumwa haukuisha kwa sababu ya maandamano. Hispania yenyewe iliufuta kwenye ardhi yake ya Ulaya mwaka 1837 tu, na kwenye makoloni yake baadaye zaidi. Na weusi walipopungua mjini, wazungu waliingia kwenye chama, hadi leo karibu wote ni wazungu. Jina limebaki, wenyewe hawapo.

Kwetu hapa, kila tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, tunaitwa kucheza ngoma mbele ya wageni. Tunapewa fulana, tunapigwa picha, jioni hema linakunjwa. Hatusemi ni vibaya, na tunawashukuru wanaoandaa. Ila watu wa Sevilla walikuwa na kitu ambacho sisi bado hatuna: chama chao wenyewe, chenye sanduku la michango, daftari la majina, mgonjwa wa kutembelewa na maiti wa kuzikwa. Sikukuu ilitoka ndani ya hayo. Ndiyo maana mradi wa mtu ulipoisha, au mfadhili alipokufa, wao walibaki.

Tunawauliza basi. Vijana wa Nyarugusu, Nakivale, Kakuma na kwingine: sikukuu gani tunaweza kuifanya kwa mfuko wetu, hata ni mdogo, bila kungoja kualikwa? Nanyi wa mashirika, mngekuja kama wageni wetu, mkae mle tulichopika? Tuandikieni hapa chini, tutasoma yote.