Maumivu ya Katikati ya Mwezi

Maumivu yanayokuja katikati ya mzunguko wa hedhi Wajerumani wameyapa jina lao, Mittelschmerz, yaani maumivu ya katikati. Pwani yetu, maumivu mengi ya tumbo la uzazi hutiwa kapu moja: chango. Mwanamke hupewa mizizi, huambiwa avumilie.

Ili kuyaelewa, tuanze na ovari. Mwaka 1672, Regnier de Graaf wa Delft, Uholanzi, alieleza vifuko vyenye majimaji ndani ya ovari. Yai lenyewe hakuliona. Karl Ernst von Baer ndiye aliyelitambua, kwa mbwa jike, mwaka 1827.

Lakini yai hutoka lini? Jibu lilipatikana Niigata, Japani. Daktari Ogino Kyusaku, alipofungua matumbo ya wagonjwa kwa upasuaji, alizikagua ovari kwa macho yake, kisha akalinganisha alichokiona na tarehe za hedhi za kila mwanamke. Wenzake walihesabu mbele, kutoka hedhi iliyopita. Yeye alihesabu nyuma, kutoka hedhi inayofuata. Mwaka 1924 alitangaza: yai hutoka siku 12 hadi 16 kabla ya hedhi hiyo. Kwangu, huo ndio ugunduzi uliowatendea haki wanawake.

Sasa maumivu yakapata maelezo: yai linapotoka, kifuko hutanuka, hupasuka, na inadhaniwa majimaji au damu kidogo huuchoma utando wa tumbo. Huuma upande mmoja, saa chache, pengine siku moja au mbili.

Si kila maumivu ni hayo. Kidole tumbo, ovari iliyojisokota, maambukizi ya nyonga na mimba iliyotunga nje ya kizazi huweza kufanana nayo. Dada, yakizidi, yakija na homa, kuzimia au kuchelewa kwa hedhi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.