Masasi na Newala: Maji Bondeni, Watu Mlimani

Nyuma ya Mtwara na Mikindani nchi hupanda polepole kuelekea kusini-magharibi, hata mwenyeji wa pwani huweza kusafiri siku nzima asihisi kwamba anapanda mlima. Karibu na Newala safari hiyo hukoma ghafla. Uwanda wa juu wa Makonde, wenye kimo cha mita 700 hadi 900 katika sehemu zake za magharibi, huporomoka kwa genge kali, na chini yake Bonde la Ruvuma hutandaa hadi Msumbiji. Mahali pa kutazamia bonde hilo, pembezoni mwa mji wa Newala, wenyeji hupaita Shimo la Mungu.

Masasi iko magharibi ya uwanda huo, chini yake, na sura yake ni nyingine kabisa. Ni tambarare yenye miti iliyoachana, na katikati yake husimama milima ya mawe matupu, ukiwemo Mtandi, inayoonekana kutoka mbali. Masasi kuna maji ya mito na visima. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mto wala kijito: mvua hunyesha, mchanga huinywa yote, na maji hutokea tena kwenye chemchemi zilizo chini ya mteremko. Hata hivyo ni huko juu ambako Wamakonde walijikusanya kwa wingi, katika eneo la kusini ambalo kwa jumla lilikuwa na watu wachache.

Sababu ilikuwa usalama. Vichaka vya uwandani vilisongamana kiasi kwamba mgeni asiyejua njia hakuweza kupenya, na aliyekuja kuteka watu alipaswa kwanza kupanda genge. Simulizi ya asili ya Wamakonde inasema vivyo hivyo kwa lugha yake: mtu wa kwanza aliishi peke yake porini, akachonga mwanamke wa mti, naye akapata uhai. Watoto wao walikufa walipokaa karibu na maji ya bondeni, wakapona walipohamia juu. Kila mkaazi wa uwanda anayejua homa za bondeni ataona kwamba simulizi hiyo imebeba ujuzi wa kweli wa nchi.

Wamakonde hawakuwa na mfalme. Ardhi iligawanyika katika maeneo madogo, kila moja likiwa chini ya mkulungwa, na ukoo ulifuatwa kwa upande wa mama. Masasi ilikuwa na mchanganyiko mkubwa zaidi, wa Wamakua, Wayao, Wamwera na wengine waliokimbia vita na njaa. Ilikuwa pia kwenye njia ya misafara iliyotoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa na Lindi, ikibeba pembe na watumwa.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliondoka Unguja kwa njia ya Lindi akiwa na zaidi ya watu 50 waliokombolewa utumwani, wengi wao wakiwa wametoka bara ya kusini. Nia ilikuwa kufika karibu na Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, wakaona ardhi nzuri na maji, kijiji kikaanzishwa hapohapo. Watu waliowahi kufungwa utumwani sasa walijenga nyumba kando ya njia ya misafara. Ni tukio linalostahili kukumbukwa zaidi kuliko linavyokumbukwa.

Lakini tambarare haikuwa na kinga. Mwaka 1882 Wangoni, ambao huku waliitwa Magwangwara, waliivamia Masasi, wakaua na kuteka. Sehemu kubwa ya misheni, chini ya Chauncy Maples, ikahamia Newala kwa Matola, mkuu wa Wayao. Kwa miaka kadhaa wageni hao waliishi kama wenyeji wa uwanda walivyoishi: juu salama, maji mbali. Baadaye kazi ya Masasi ilifufuliwa. Miongoni mwa waliohudumu katika eneo hilo alikuwa Cecil Majaliwa, aliyewahi kuwa mtumwa, ambaye mwaka 1890 alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika misheni hiyo.

Vita vya Maji Maji mwaka 1905 viliichoma misheni ya Masasi na kuharibu pia ile ya Wabenediktini wa Lukuledi. Mwaka uliofuata Wabenediktini walianzisha Ndanda, chini ya genge la uwanda penye maji mengi, nayo ikawa abasia, shule na hospitali zinazojulikana kusini nzima. Mwaka huohuo wa 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi, Newala na Mahuta akirekodi nyimbo kwa fonografia na kupiga filamu za ngoma.

Vita Kuu ya Kwanza ilionyesha tena sheria ya uwanda. Wareno walivuka Ruvuma mwaka 1916, wakaiteka boma ya Newala. Wajerumani hawakuhitaji kuibomoa. Walishika mahali pa kuchotea maji chini ya mteremko, wakaizingira, na mwishoni mwa Novemba Wareno wakaiacha. Mwaka mmoja baadaye kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji, akiacha nchi iliyonyang'anywa chakula na vijana waliobebeshwa mizigo ya vita.

Dayosisi ya Masasi iliundwa mwaka 1926, na askofu wake wa kwanza, Vincent Lucas, akajulikana kwa kuruhusu jando liendelee likiwa na ibada ya Kikristo ndani yake. Kwa watu ambao hesabu ya utu ilianzia jandoni na unyagoni, uamuzi huo ulizuia kanisa lisiwe la wageni tu.

Maji ya bomba yalianza kupandishwa uwandani kwa pampu katika miaka ya 1950. Kabla ya hapo mwanamke wa Newala alishuka mteremko na kuupanda tena na mtungi kichwani, kilomita nyingi, na kazi hiyo ilikula mchana wake wote. Pampu zimeharibika mara nyingi tangu hapo, na nyumba nyingi bado huvuna maji ya mvua katika matangi. Historia yoyote ya Newala isiyowataja wanawake hao ina pengo kubwa.

Shamba hapo zamani lilikuwa muhogo, mtama, njugu na mbaazi, na wakati wa njaa watu walichimba mizizi ya ming'oko porini. Mkorosho, ulioletwa Afrika ya Mashariki na Wareno kutoka Brazil, ulikubali mchanga ambao mazao mengine yaliukataa. Mwaka 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho, nyingi za kusini. Kisha watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, mbali na mikorosho yao. Bei ikashuka, na ugonjwa wa ubwiriunga ukakausha maua. Kufikia mwaka 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Unga wa salfa na miche bora ya kituo cha utafiti cha Naliendele viliurudisha mkorosho.

Tangu 2007 korosho huuzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, na vyama vikuu vya MAMCU na TANECU husimamia minada. Lengo lilikuwa kuua kangomba, ununuzi wa mlangoni ambao humkamata mkulima akiwa na shida. Mwaka 2018 wanunuzi walipotoa bei ndogo, serikali ilituma jeshi kuzichukua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo.

Lupaso, kijiji cha Masasi, ndiko alikozaliwa mwaka 1938 Benjamin Mkapa, rais wa tatu wa Tanzania, na ndiko alikozikwa mwaka 2020. Wilaya ya Tandahimba imemegwa kutoka Newala, na Nanyumbu kutoka Masasi. Huko Nanyumbu, Mtambaswala, Daraja la Umoja lenye urefu wa mita 720 lilifunguliwa mwaka 2010, na magari huvuka Ruvuma kwenda Msumbiji, ambako Wamakonde na Wamakua wana ndugu tangu kabla mpaka haujachorwa.